Zamu ya Siwatu

Mtaani kwao kumbukumbu za vita hubebwa kwa zamu, kila nyumba siku moja, ili aliyeumia apumue. Asubuhi mhudumu wa afya alimvisha Siwatu bangili yenye kumbukumbu ya jirani yake, Mishi. Siwatu alikuwa anasonga ugali kumbukumbu ilipomwingia: mvua, milio ya risasi, na ngumi za Mishi zikigonga mlango wa bluu, mlango wake Siwatu. Kutoka ndani ya nyumba akasikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona, "Msifungue!"

Miaka yote alikula kiapo kwamba hakusikia hodi.

Ugali uliungua. Jioni Mishi alimletea bakuli la mbaazi, kama kawaida yake. Siwatu aliinamisha uso.

"Kesho anabeba nani?"

"Nyumba zote zitabeba, moja baada ya nyingine," Mishi alijibu taratibu. "Niliomba waanze na yako, jirani, usije ukayasikia haya kwa watu."