Saba Mara Nne

"Saba mara nne?" aliuliza Mwalimu Mwanaidi, na kabla hajafunga mdomo Chiku alikuwa ameshanyoosha kiganja, macho kayafumba, anasubiri kuchapwa.

"Mchape," mwalimu mkuu aliamuru kutoka mlangoni. "Tebo za kuzidisha haziingii bila fimbo."

Tangu lini kiganja kikawa jibu la hesabu? Damu ikamchemka Mwanaidi. Akaichukua fimbo aliyokabidhiwa asubuhi, akaivunjia gotini. Akavunja tena na tena, mpaka vikawa vijiti vifupi kama vidole. Akahesabu saba, akaviweka kwenye kile kiganja.

"Fumbua macho, mwanangu. Hiyo ni saba mara moja. Panga mezani, uje uchukue saba nyingine."

Darasa zima likaizunguka meza. Mwalimu mkuu akatoka anafoka, akarudi na fimbo mpya, nene kuliko ile.

"Leo utanijua!"

"Afadhali umeileta, mwalimu," alisema Mwanaidi bila kurudi nyuma. "Vijiti vimetuishia kwenye saba mara tatu."

Chiku akawa wa kwanza kumnyooshea mwalimu mkuu kiganja, akingoja vijiti saba vya mwisho. Wenzake wakafuata, mmoja baada ya mwingine, macho makavu.