Mkono Usio na Gumba

Fomu ya tuzo ya wanahabari wa jamii ya Walatino wa Marekani ilibakiza swali moja: habari yako imeleta mabadiliko gani?

Yesenia aliitazama picha mezani. Alimwahidi yule mkata kuku wa kiwandani asiye na vibali kwamba angemficha jina na sura, akapiga picha ya mkono wake tu. Mkono usio na gumba. Kiwanda kizima kiliujua. Siku ya tatu baada ya habari kutoka, maofisa wa uhamiaji wakamchukua.

Mke wa mkata kuku akaingia na sahani ya tamale, vitafunio vya unga wa mahindi, mvuke ukitoka kwenye maganda ya mahindi.

"Kula, mwanangu, umekonda kwa kututetea. Hivi nani alimchomea utambi mume wangu?"

"Sijui, mama," Yesenia akasema, akaipokea sahani, akaiweka juu ya picha.