Kisu cha Nahodha

Kisu kilifika mezani kabla ya tairi la kwanza. Kilikuwa kisu cha kukatia zulia, na Nahodha wa klabu ya baiskeli alikiweka katikati ya meza ya stoo, mahali ambapo kila mtu angekiona.

Sheria aliitunga yeye mwenyewe. Siku ya ukaguzi, tairi lililokwisha linakatwa papo hapo, na mwenye tairi anavua jezi ya timu na kuirudisha. Safari hii sheria ilimfaa sana. Wao walikuwa sita, na mashindano ya mlimani yalitaka watano. Wote walijua nani hufika kileleni wa mwisho, akitweta na kuulaumu upepo. Hakuna aliyemtaja, maana ndiye aliyekuwa na kisu.

Kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwauzia miwani, na kazi hiyo ilikuwa imempanda kichwani.

"Mimi sina haja ya kupapasa tairi," alizoea kusema. "Nikilitupia jicho, nimemaliza."

Alichokitupia jicho hasa ni mwenye tairi. La mtu aliyemchekea lilikuwa na maisha hata kama nyuzi zimeanza kuchungulia.

Matairi ya klabu yote yalikuwa meusi, aina moja, kutoka boksi moja. Ya kwake tu ndiyo yalikuwa na alama. Mwezi uliopita alijichukulia jozi mpya, na ndani ya kila tairi akatia nukta ya rangi nyekundu ya kucha, aliyoichukua kwenye mkoba wa mkewe bila kuomba. Akawatangazia wote, ili matairi yake yasije yakachanganyika na ya wapanda punda. Ndivyo alivyowaita wenzake.

Mpanda punda mkuu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi aliyekaa nao nyumba moja. Nahodha alimwingiza klabuni kwa shingo upande, na tangu hapo alimtoza kwa maji ya sabuni: kila Ijumaa jioni muuguzi aliifungua baiskeli ya bwana mkubwa, magurudumu na matairi, akaisafisha. Jana pia alikuwa ameisafisha. Kwa miezi alikuwa akiomba matairi mapya, akisema ya kwake yamekuwa bapa katikati na yana nyufa ubavuni.

"Kwa mwendo wako," Nahodha alimjibu, "hata ya baiskeli ya mtoto yangekutosha."

Kwa mwendo wake huo, mlimani muuguzi alikuwa akimwacha kwenye kona ya kwanza. Hilo ndilo lililokataa kumshuka Nahodha kooni.

Ukaguzi ulianza. Mzee Breki, aliyeitwa hivyo kwa sababu hushuka mteremko wote ameng'ang'ania breki, alileta tairi lenye mpasuko wa kuingia kokoto.

"Bado lina maisha," alisema Nahodha. Mzee Breki huangua kicheko kwa kila utani wake. Wale wengine watatu nao walipita.

Kisha Nahodha akaipindua baiskeli yake mwenyewe, akalizungusha gurudumu la nyuma.

"Tazameni, mjifunze. Hili ndilo tairi la mtu anayejua kutunza."

Mzee Breki akainama. "Vile vitundu viwili vya alama mbona sivioni, Nahodha? Si tuliambiwa vikifutika ndiyo limekwisha?"

"Jumatatu njoo dukani, mzee wangu, nikupime macho."

Wakacheka. Mzee Breki akacheka kuwashinda.

"Haya, shemeji," alisema Nahodha. "Lete maajabu yako."

Muuguzi akaisukuma baiskeli yake hadi mezani. Nahodha hakuinama.

"Limekwisha."

"Shemeji, hata hujaliangalia."

"Naliona kutoka hapa. Bapa tupu."

"Na vitundu vyake?"

"Vitundu ni vya watu wasio na macho."

"Basi liguse tu, kabla hujakata."

Aliligusa kwa ncha ya kidole, akajifuta kwenye suruali. "Mpira mfu. Sijui umelipitisha wapi. Na mimi niliwaambia, si kila anayejua kupiga pedali ni mwendeshaji."

Jezi ile muuguzi aliitaka kuliko alivyowahi kumwonyesha mtu yeyote.

"Na sheria ni ileile kwa kila mtu?" aliuliza.

"Kwa kila mtu. Hata ungekuwa mama yangu mzazi."

Nahodha akalifungua gurudumu la nyuma, akalibandua tairi, akalilaza juu ya meza. Kisu kiligoma mwanzoni. Ilibidi aegemee kwa uzito wake wote, jasho likimtoka, ndipo mpira ukakubali kuachana. Akautupa sakafuni, miguuni pa shemeji yake, kisha akanyoosha mkono.

"Jezi."

Muuguzi aliinama, akaliokota tairi. Akalipindua nje ndani, taratibu, akaliweka kwenye mkono ule ulionyooshwa.

Karibu na alipokata palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Safari hii hata Mzee Breki hakucheka.

"Jezi, shemeji," alisema muuguzi.