Nguchiro Aliyetaka Kula Kiini cha Dunia

Mama Nguchiro alikuwa akifagia kichuguu chao kwa mara ya mwisho. Bwawa lilikuwa limekauka, kesho wangehama, na mwanawe mdogo alikuwa dhaifu mno kwa safari hiyo. Kware akachungulia mlangoni.

"Shemeji, mumeo yuko bondeni na watoto wote. Wanachimba kiini cha dunia."

Mama akatupa ufagio, akaenda. Alimkuta mumewe shimoni, vumbi mpaka masikioni.

"Korongo kaniambia dunia imeumbwa kama yai," mume alisema. "Ganda, ute, halafu kiini. Hebu fikiria ukubwa wa kiini hicho, mke wangu! Watoto watanenepa."

"Hakukuambia kwamba ganda hilo ni mwamba? Chini yake kuna mwamba mwingine wa moto, na hicho kiini chako ni chuma. Utakila kwa meno gani?"

Mume akakaa chini. "Chote ni chuma?"

"Chote. Haya, tokeni humo."

Akashuka kumbeba mdogo, aliyekuwa amejilaza chini kabisa. Hapo akakanyaga mchanga wa baridi, wenye unyevu. Maji ya mvua ya zamani yalikuwa yamezama ardhini mpaka yakazuiwa na mwamba.

"Chimbeni," akasema.

"Mpaka kwenye kiini?" mume akauliza.

"Mpaka kwenye mwamba tu, baba. Hatuhami."

Jioni aliwapakulia panzi, akawahesabu wanawe kwa kuwagusa pua mmoja mmoja. Wote walikuwapo, na kila pua ilikuwa imelowa maji ya shimoni.