Kahawa ya Komanda

Kahawa ilitoka mbio kwenye mashine, nyepesi kama chai, na Victorine akajua kwamba kinu cha kusagia mbegu kimemwangusha tena.

Jana, kwa mbegu zile zile, ilitoka taratibu, nzito, na povu la rangi ya asali. Komanda wa waasi, aliyejichukulia nyumba hii baada ya Mzungu mwenye nyumba kukimbia na kumwacha Victorine jikoni, aliinywa akacheka. "Mama," alisema, "kesho unipatie kama hii, na bwana yako nitamufungua."

Mumewe, mashinisti aliyeendesha treni ya Nyunzu, alikuwa amefungwa stesheni.

Victorine alikaza skurubu ya kinu, akasaga, akavuta mkono wa mashine kwa nguvu zote. Yakatoka matone meusi yenye harufu ya kuungua. Akalegeza kidogo, yakatoka maji. Meno ya kinu yalikuwa yamelika upande mmoja: huku yanatoa unga, huku chenga. Mbegu zikamwishia.

"Mama, kahawa iko wapi?"

Akapeleka kikombe cha kahawa ile ya maji, akapiga magoti. "Unisamehe, Papa Komanda. Kinu kimekufa."

Komanda alikunywa yote bila kukunja uso, macho yake yakitazama ziwa nje ya dirisha. "Iko muzuri," alisema. "Kama ya jana."

Victorine aliinua kichwa. "Basi bwana yangu atarudi?"

"Vijana walimumaliza asubuhi. Mimi nilikuwa nalala."

Alimnyooshea kikombe. Victorine akakipokea, maana mikono yake haikujua kitu kingine cha kufanya.