Mtu wa Elfu

Nimelala miji mingi, lakini Gaza ndiko nilikokuta vita vikisubiri jina. Siku hizi vyombo vya habari vimekubaliana: makundi ya Wapalestina yakiuana, huitwa mapigano tu mpaka afe mtu wa elfu. Hapo inakuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jeshi la kimataifa linajenga ukuta kati ya mitaa yao.

Mwenye nyumba wangu, Mama Wajdi, ana wana wawili, Wajdi na Luay, kila mmoja na kundi lake. Jumanne tulimzika Wajdi uani kimyakimya. Hesabu ya wafu redioni ilikuwa imefika mia tisa tisini na tisa, na ukuta ukijengwa, Luay hataweza kuja tena kwa mama yake.

Kesho yake akaja mwandishi wa habari.

"Mama, wanao wazima?"

"Wazima. Luay anakuja kula mchana. Wajdi amelala, mvivu kama baba yake."

Akanigeukia. "Kweli, mzee?"

"Humsikii anavyokoroma?" nikasema.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu hapo. Risasi hazijakatika, na redio haijaongeza hata mtu mmoja. Jana usiku jirani alikuja kuazima jembe. Mama Wajdi akampa, hakumuuliza la nini.