Ukurasa Uliobanwa kwa Pini

Mama anayebana kurasa za vitabu ajiangalie, maana iko siku mtoto atasoma mbele ya watu. Mama Wegesa alivikagua hata vitabu vya kanisani, kidole kikifuata mstari, na penye kutisha akapabana kwa pini ili bintiye asipasome.

Jumapili hiyo Wegesa, wa miaka minane, alisimama mbele ya waumini wenzake wa kanisa la Wamenoniti, wasioshika silaha, kusoma hadithi ya baba mmoja na majirani waliomchukia. Alipofika kwenye pini akainua macho. Mama yake, benchi la pili, akainama mbele.

"Ruka hapo, mwanangu," alinong'ona.

"Nikiruka, mama, hawatajua alisamehe nini."

Watu wakacheka kidogo. Wegesa akachomoa pini, akasoma: majirani walikuja na mapanga, nyumba ikaungua, baba akakataa kushika panga lake, na asubuhi akawapelekea uji wale wale.

"Mtoto wa nani huyu?" aliuliza bibi mmoja nyuma.

"Wangu," akajibu Mama Wegesa, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Wegesa akarudi, akamwekea pini kiganjani. Mama akakaa nayo mpaka ibada ikaisha, asijue pa kuichoma.